Taa imezima, boya limehama: utatuzi wa matatizo ya alama za hatari katika Bwawa la Mtera

Bwawa la Mtera halikai na sura moja mwaka mzima. Maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo huhifadhiwa pale kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Mtera yenyewe, megawati 80, na ya Kidatu kule chini, megawati 204. Kiwango cha juu cha maji ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tofauti ni mita 8.5, na ndani ya mita hizo kuna visiki vya miti iliyoachwa imesimama bonde lilipofurika, kuna mawe, kuna matuta ya mchanga. Mwezi wa Mei boti inapita juu ya kisiki bila nahodha kujua kama kipo. Novemba inapasukia hapohapo.

Baharini kazi ya kuonya vyombo ina mfumo mkubwa nyuma yake. Bahari za dunia zimegawanywa katika maeneo ya ilani; pwani ya Tanzania iko katika eneo la nane, ambalo mratibu wake ni India. Taa ikizima, boya likihama au meli ikizama njiani, ilani inatoka kwa redio na satelaiti, kisha ramani za vyombo zinasahihishwa. Kwa mvuvi wa Mtera boya ni dumu lililopakwa rangi, taa ni ya sola, na ilani ni maneno ya mwenzake mwaloni, pale ufukweni boti zinapopakiwa na kushusha samaki. Kazi inayofanyika ni ileile, na anayeweza kufa ni mtu yuleyule aliyeamini alama.

Mimi ni fundi wa sola Dodoma mjini. Taa zinazoletwa kwangu kutoka mialo ya Mpwapwa, Chamwino na upande wa Migoli kule Iringa huja na malalamiko yanayofanana mno. Nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu ya kawaida ikitangulia na ya nadra ikifuata. Mwongozo huu ni wa vikundi vya BMU, yaani vikundi vya jamii vinavyosimamia uvuvi mwaloni, na wenye boti wanaotunza alama zao wenyewe.

Kabla hujagusa chochote

Anza na taarifa, bisibisi baadaye. Tangaza mwaloni kwamba alama fulani haiaminiki kuanzia sasa, na watu wapite mbali nayo. Taa iliyozima ni hatari kwa sababu kuna nahodha aliyeizoea, anayeisubiri itokee mbele yake ndipo akunje kona. Ukiing'oa kimyakimya kuipeleka kwa fundi mjini, usiku huohuo mtu anaweza kuitafuta.

Nendeni wawili au zaidi, kila mmoja amevaa jaketi okozi na amelifunga vizuri. Wakati mzuri ni asubuhi jua likishapanda, kabla upepo haujashika. Alfajiri na jioni viboko wako njiani kati ya maji na malisho, kwa hiyo saa hizo mbili kaeni mbali na kingo zenye majani. Asizame mtu kukagua kamba wala jiwe la nanga, hata kama anajua kuogelea kuliko wote kijijini. Mamba wapo. Kila kinachohitaji kuonwa kivuteni juu kwa kamba.

Dalili: taa haiwaki kabisa usiku

Uchafu kwenye paneli ndio unaoongoza. Kiangazi chetu ni cha vumbi na upepo, na mnandi hupenda kukaa juu ya kitu chochote kilichosimama peke yake majini. Kinyesi cha ndege kikifunika hata kona moja ya paneli, umeme unaotoka hupungua sana kuliko ukubwa wa lile doa, kwa sababu seli zimeunganishwa kwa mfuatano na iliyofunikwa huzibana nyingine. Osha kwa kitambaa kilicholowa, usisugue pakavu. Iache ipate jua la siku nzima ndipo uihukumu. Ukiona ndege wanarudi, funga vipande vya waya mgumu vilivyosimama wima kuzunguka kichwa cha taa. Mnandi hatakaa juu ya miiba.

Pili ni sensa ya mwanga. Funika paneli kwa kitambaa cheusi mchana na usubiri kama dakika moja. Taa nyingi za sola hutumia paneli yenyewe kujua kama ni usiku, kwa hiyo ikiwaka ulipoifunika, ujue betri, waya na taa viko hai. Kinachobaki kuuliza ni kitu gani kinaimulika usiku. Mara nyingi jibu ni kambi iliyohamia karibu na taa kali za kuvulia dagaa, na taa ya onyo inadhani bado ni mchana. Isogeze, au iwekee kikingio upande wa kambi.

Tatu, viunganishi. Vuta kila waya taratibu kwa vidole. Ukikuta unga wa kijani au mweupe kwenye shaba, huo ni ulikaji: kata hadi shaba safi, sugua kwa msasa, kaza, paka grisi. Tundu waya unapoingilia kwenye boksi lizibe kwa silikoni, na waya wenyewe uache ufanye mkunjo wa kushuka chini kabla ya kuingia, maji yadondokee pale chini badala ya kuufuata ndani.

Nne, betri. Kwa betri ya risasi ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, mita ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko kama nusu. Chini ya 11.8 imekwisha. Ichaji hadi ijae, iache usiku mmoja bila kuunganishwa na kitu. Ikianguka yenyewe kufikia asubuhi, imekufa, na hakuna dawa ya kuifufua ya kutegemea juu ya maisha ya watu. Kinachoziua haraka kwetu ni joto. Kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapozidi 25, umri wa betri ya risasi hupungua kama kwa nusu, na boksi jeusi la chuma kwenye jua la Oktoba hupita kiwango hicho mapema sana. Paka boksi rangi nyeupe, lipe nafasi ya hewa. Rangi hiyo ya bei ndogo huokoa fedha nyingi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Tano ni paneli na kontrola ya chaji, kile kifaa kati ya paneli na betri kinachodhibiti uchajiaji. Saa sita mchana chomoa waya za paneli uzipime: paneli ya mfumo wa volti 12 isiyounganishwa na kitu itasoma kama 18 hadi 22. Ikisoma sifuri, kuna waya uliokatika ndani au kiunganishi cha nyuma kimeungua. Ikisoma vizuri lakini betri haipandi ukiirudisha, kontrola ndiyo mbovu. LED yenyewe kufa ni nadra. Nimeona watu wakinunua taa mpya mara kwa mara huku tatizo likiwa ni waya wa nusu mita.

Simama hapo, usiendelee, ukikuta mojawapo ya haya: betri ya lithiamu iliyovimba, iliyo moto bila kutumika au inayotoa harufu; betri ya risasi iliyopasuka; au boksi lililojaa maji wakati waya zimeunganishwa. Betri ya risasi ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo usivute sigara wala kuwasha kiberiti juu yake, na usifungue boksi ukiwa umeinama kichwa ndani. Betri iliyovimba haisafirishwi ndani ya mtumbwi chini ya miguu ya watu. Piga simu kwa fundi.

Dalili: inawaka jioni, inazima kabla ya alfajiri

Hii inaudhi kwa sababu anayekagua jioni ataapa kwamba taa ni nzima. Wanaorudi na samaki saa kumi usiku ndio wanaokuta giza.

Kama paneli ni safi na betri haijafa, fanya hesabu. Taa ya wati 3 inayowaka mfululizo saa 12 inakula wati-saa 36. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na ya risasi usiikamue zaidi ya nusu ukitaka idumu, basi unazo 42. Usiku mmoja tu, na mawingu yakikaa siku mbili za Januari umeishiwa. Taa hiyohiyo ikimweka sekunde moja katika kila sekunde tano inakula wati-saa 7.2 kwa usiku: karibu usiku sita bila jua. Kwa hiyo kabla ya kununua betri kubwa zaidi, badilisha mtindo wa kuwaka. Mmweko una faida nyingine pia. Nahodha hataichanganya na taa ya nyumba, ya pikipiki ufukweni au ya mvuvi mwenzake.

Lakini ukibadilisha mtindo, umebadilisha alama. Hapo soma sehemu inayofuata kwa makini.

Dalili: inawaka vizuri, lakini inasema jambo jingine

Kwa maoni yangu hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote, na ndiyo watu wanaichukulia kirahisi. Alama ikitoweka, nahodha mwangalifu hushtuka na kupunguza mwendo. Ikiwa ipo, inang'aa, na imebadilika maana, anaongeza mwendo kuielekea.

Sababu ya kwanza ni fundi kuweka taa iliyopatikana dukani badala ya ile iliyotakiwa: nyekundu imekufa, nyeupe ikawekwa. Ya pili ni rangi kupauka. Nyekundu ya bei nafuu ikichomwa na jua letu hugeuka waridi, kisha kitu cha kijivu kisichojulikana. Ya tatu ni karatasi ya rangi iliyobandikwa juu ya taa nyeupe. Inakula sehemu kubwa ya mwanga, na ikichanika upande mmoja taa inaonyesha rangi mbili. Nunua LED yenye rangi yake. Ya nne ni betri dhaifu au maji ndani ya kioo, mmweko unaruka na kukosa mpangilio. Ya mwisho, taa mbili jirani zenye mmweko mmoja, kila moja nzima kabisa, na hakuna anayeweza kuzitofautisha usiku.

Kupima ni rahisi. Kaa mbali nayo usiku, ukiwa nchi kavu, na saa ya mkononi. Pima mzunguko mzima, kutoka mmweko wa kwanza hadi unaporudia, mara tatu. Linganisha na kilichoandikwa kwenye daftari la mwalo. Kama hakuna daftari, tatizo lako la kwanza ni hilo.

Mnapochagua rangi na mimweko, msibuni lugha yenu. Mfumo wa kimataifa wa maboya uliokubaliwa mwaka 1980 umeigawa dunia katika kanda mbili, na Tanzania iko kanda A: chombo kinapoingia bandarini kutoka baharini, nyekundu inakuwa kushoto na kijani kulia. Hatari iliyo peke yake, yenye maji salama pande zote, ina boya jeusi lenye mkanda mwekundu, juu yake mipira miwili meusi, na taa nyeupe ya mimweko miwili miwili. Kwa kisiki kimoja cha Mtera alama hiyo inafaa kabisa. Kwa tuta refu kuna alama za njano na nyeusi zinazoonyesha upande wa kupita, na mimweko yake inafuata uso wa saa: mitatu mashariki, sita na mmoja mrefu kusini, tisa magharibi, kaskazini inamweka bila kukoma. Alama hizi za pili zisiwekwe kwa kukisia. Ukiiweka ya mashariki upande wa magharibi umeelekeza boti kwenye tuta. Hapa simameni na muulize TASAC, ambalo ndilo shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini nchini, kabla ya kupaka rangi dumu la kwanza.

Dalili: boya halipo mahali pake

Kwanza hakikisha limehama kweli. Njia ninayoiamini kuliko simu ni mistari miwili ya nchi kavu. Siku boya linapowekwa, tafuta vitu viwili visivyohama vinavyolingana ukivitazama ukiwa kwenye boya, mmoja mbele ya mwingine: mbuyu na kilele cha kilima nyuma yake, au pembe ya nyumba na mnara wa simu. Kisha tafuta jozi nyingine upande tofauti. Andika. Mtu yeyote akifika pale na kuona mbuyu umetoka nje ya kilele, anajua boya limesogea, na anajua limesogea upande gani, bila chaji wala mtandao. Mibuyu haikosekani Mtera.

Ikiwa limehama, sababu inayoongoza ni kamba fupi. Mahali penye kina cha mita 4 Novemba panaweza kuwa na mita 12.5 bwawa likijaa. Boya lililofungwa kiangazi kwa kamba ya mita 6 lina njia mbili tu masika yakija: lizame, au linyanyue jiwe lake na kuondoka nalo. Pima kamba kwa kina cha bwawa likiwa limejaa, halafu ongeza nusu ya kina hicho. Kwa mfano huu ni kama mita 19.

Kamba hiyo ndefu ina gharama yake, na watu husahau kuihesabu. Maji yakishuka hadi mita 4, boya linaweza kuzunguka hadi mita 18 na zaidi kutoka kwenye jiwe, kila upande kulingana na upepo. Bwawa likijaa bado linazunguka kama mita 14. Kwa hiyo usidondoshe jiwe juu ya kisiki ukidhani boya litakaa juu ya kisiki. Liweke upande ambao vyombo vingi hutokea, na kwenye ilani andika umbali wa kupita, mita 50 au zaidi, kuliko kusema tu "pale penye boya".

Sababu ya pili ni jiwe jepesi. Zege likiwa majini hupoteza kama asilimia 40 ya uzito wake. Jiwe la zege la kilo 100 linashikilia kama la kilo 58. Chuma hupoteza kidogo, kama asilimia 13. Ndoo ya zege inayoonekana nzito mwaloni haishikilii boya lenye taa na paneli inayokamata upepo. Sababu ya tatu ni kamba kukatika: zile za plastiki zinazoelea juu ya maji hunaswa na propela, na jua huzifanya ziwe unga. Tumia kamba inayozama, na mita ya mwisho karibu na jiwe iwe mnyororo, kwa sababu hapo ndipo msuguano ulipo. Ya nne ni magogo na magugu yanayoshuka na mafuriko ya Januari hadi Machi. Kagua baada ya kila mvua kubwa ya juu, hata kama Mtera kwenyewe hakujanyesha.

Ya tano ni watu. Nyavu hufungwa kwenye boya, mitumbwi huegeshwa kwenye boya, na dumu zuri huchukuliwa. Hakuna spana ya kutatua hili. Linatatuliwa kwenye mkutano wa mwalo, kwa kuwaeleza wanaovua usiku kwamba boya lile ni la kwao, na kwa kukubaliana adhabu kupitia BMU na serikali ya kijiji.

Boya likiwa lipo lakini limeinama au limezama nusu, kwa kawaida dumu limepasuka na limeingiza maji. Lijaze chupa tupu za plastiki zilizofungwa vizuri. Likipasuka tena litaendelea kuelea.

Dalili: kisiki au mchanga umejitokeza pasipo na alama

Kati ya Agosti na Novemba hii ni habari ya kila wiki. Usisubiri boya zuri. Aliyeona aweke siku hiyohiyo chochote kinachoonekana, dumu lenye kitambaa chekundu kwenye kijiti, apime mistari yake ya nchi kavu, na ilani itoke kabla ya vyombo vya jioni havijaondoka. Alama ya kudumu itafuata. Msikate kisiki kwa msumeno mkiwa ndani ya mtumbwi; kikibaki sentimita 30 chini ya maji kimekuwa kibaya zaidi kuliko kilipokuwa kinaonekana.

Mahali ambapo watu wa mwalo wasiguse kabisa

Karibu na ukuta wa bwawa, milango ya kumwagia maji na mdomo wa kuchukulia maji ya mitambo, usiende kutengeneza alama, hata kama ni yenu na imepelekwa huko na upepo. Mvutano wa maji pale hauonekani juu. Toa taarifa kwa TANESCO mtamboni na uache wao waamue. Vivyo hivyo ukikuta nguzo au waya wa umeme umeanguka majini: geuza chombo, zuia wengine, piga simu. Mtu akiwa majini au chombo kimepinduka, namba ya dharura ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114. Sema jina la mwalo na wilaya, kwa sababu bwawa liko kwenye mpaka wa mikoa na "Mtera" peke yake inaweza kumpeleka mwokoaji ng'ambo isiyo yako.

Dalili: alama ni nzima, ilani ilitoka, na bado chombo kimegonga

Tarehe 14 Desemba 2002, katika bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, meli ya Tricolor iliyobeba karibu magari 3,000 iligongana na meli ya Kariba ikazama. Ilani zilitangazwa. Vyombo vya ulinzi viliwekwa. Siku mbili baadaye meli ya Nicola ikapanda juu ya mabaki hayo, na tarehe 1 Januari 2003 meli ya mafuta ya Vicky nayo ikayagonga. Kutokana na ajali hizo mfumo wa kimataifa uliongeza boya la dharura la mistari ya wima ya buluu na njano, lenye taa inayopokezana rangi hizohizo, ili hatari mpya isifanane na kitu chochote ambacho nahodha amezoea kukiona. Meli zenye rada zilipita ilani na kugonga. Mtumbwi wa Mtera utapitaje?

Sababu ya kwanza: ilani haikumfikia. Ilitumwa WhatsApp saa nne asubuhi, saa ambayo mvuvi wa usiku amelala na simu iko dukani inachajiwa. Jioni kuna ujumbe mwingine lukuki juu yake. Ilani itolewe mara mbili, na mara ya pili iwe kwa mdomo, pale mwaloni, wakati nyavu zinapakiwa. Nahodha airudie kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kusukuma chombo. Baharini kipokezi cha NAVTEX, kinachopokea ilani za maandishi kwa redio, hakimpi nahodha ruhusa ya kukataa ilani za usalama wa njia, zinaingia tu. Mwaloni kipokezi hicho ni mtu anayesimama pale jioni, na kila mwalo umteue, na msaidizi wake siku akiugua.

Sababu ya pili: mahali hapaeleweki. "Karibu na kambi ya akina fulani" haifai, kambi zinafuata maji. Tumia vitu visivyohama.

Ya tatu ni namba za GPS, na hapa naomba uangalifu wa pekee. Simu moja inaonyesha nyuzi na dakika, nyingine nyuzi na desimali. Chukua mfano: 7°08.500′ Kusini, yaani nyuzi 7 na dakika 8.5. Kwa desimali ni 7.14167. Mtu akiisoma haraka na kuandika 7.08500, amelipeleka boya kama kilomita 6.3 kaskazini. Kubalianeni mtindo mmoja kwa mwalo mzima na uandikwe juu ya ubao. Na anayetumia ramani za karatasi za zamani za nchi yetu ajue zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, wakati simu inatumia WGS84. Tofauti kati yao hapa kwetu inafika kama mita 300. Kwa shamba la mtama unaweza kuvumilia. Kwa kisiki hapana.

Ya nne: ilani haina tarehe wala mwisho. Ilani kamili inaweza kuwa fupi hivi:

"Ilani namba 4. Tarehe na saa. Taa ya kisiki cha mbuyu mkubwa imezimwa kwa matengenezo. Boya lipo, halina mwanga. Mistari: mbuyu mkubwa na kilele, nyumba ya bati na mnara. Pita umbali wa mita 100 upande wa kusini. Inaendelea hadi itakapofutwa kwa ilani nyingine. Imetolewa na BMU ya mwalo fulani."

Dalili: taa imeshatengenezwa, watu bado wanaikwepa

Ilani ya zamani bado inazunguka, mtu anaisambaza upya kwa nia njema, na boti zinaikimbilia njia nyingine ambayo haina alama kabisa. Dawa yake ni namba. Matengenezo yakikamilika na taa ikiwa imeangaliwa usiku mzima hadi alfajiri, toa ilani mpya: "Ilani namba 5. Taa ya kisiki cha mbuyu mkubwa inawaka, mimweko miwili miwili myeupe, kila baada ya sekunde 10. Ilani namba 4 imefutwa." Kama mmweko au rangi imebadilika tofauti na ilivyokuwa, yaandike mabadiliko hayo mwanzo kabisa wa ilani, kabla ya habari ya kuwaka. Ubaoni ifute namba 4 kabisa, usiipige mstari, maana maandishi ya chaki yaliyopigwa mstari husomeka vizuri tu kwa tochi. Katika daftari iache, na pembeni yake andika namba iliyoifuta na jina la aliyekagua. Kisha mpigie mwalo wa ng'ambo, kwa sababu boti zao zinapita palepale na ubao wako hawauoni.